Daktari aliyeruhusiwa kofia nyeusi: kisa cha Jacob Mantino na sheria ya mavazi ya Wayahudi wa Venice

Mwaka 1528, Baraza la Watu Kumi la Jamhuri ya Venice lilikaa kuamua habari ya kofia. Hiki kilikuwa chombo cha usalama wa dola. Kesi za uhaini, njama na siri nzito za serikali zilipita mikononi mwake. Safari hii shauri lililoletwa mezani lilimhusu daktari mmoja Myahudi, Jacob Mantino, ambaye sheria ilimtaka avae kofia ya njano kila atokapo. Waliomwombea aruhusiwe kuvaa nyeusi, kama madaktari wenzake Wakristo, walikuwa watu wazito: mjumbe wa Papa, balozi wa Ufaransa, balozi wa Uingereza na vigogo wengine aliowatibu. Baraza likakubali, kwanza kwa muda maalumu. Muda ulipokwisha, jemadari wa Ufaransa Teodoro Trivulzio alishikilia mpaka ruhusa ikawa ya kudumu.

Sheria za kuwatenga Wayahudi kwa mavazi huelezwa mara nyingi kama desturi ya zama zile, kwamba kila tabaka lilikuwa na nguo zake na Wayahudi nao walikuwa na zao. Maelezo hayo hayatoshi, na kisa cha Mantino kinaonyesha kwa nini. Waliotunga sheria walijua fika kwamba kofia ile inaumiza. Wasingejua, wasingeweza kuifanya ruhusa ya kuivua kuwa zawadi ya kumpa mtu wanayemthamini.

Kutoka duara hadi kofia

Agizo la msingi lilitolewa mwaka 1215 na Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, chini ya Papa Innocent III. Kanuni ya 68 ya mtaguso huo iliagiza kwamba Wayahudi na Waislamu, wake kwa waume, watofautishwe na watu wengine kwa mavazi yao katika kila jimbo la Kikristo. Sababu iliandikwa wazi: katika baadhi ya nchi mavazi yalikwisha kuwatofautisha, lakini kwingine watu walichanganyikana kiasi cha kutojulikana nani ni nani, na hivyo Wakristo walikuwa wakiingiliana na wanawake wa Kiyahudi au wa Kiislamu, na Wayahudi au Waislamu na wanawake wa Kikristo, kwa kutojua.

Ni vizuri kusoma sababu hiyo polepole. Maaskofu wenyewe walikiri kwamba ukimtazama Myahudi wa Italia au wa Ufaransa barabarani hukuona tofauti. Alivaa kama jirani yake, alizungumza lugha ya jirani yake. Tofauti ya kuonekana ilibidi itengenezwe kwa amri, kisha vizazi vilivyofuata viliizoea na kudhani ilikuwepo tangu mwanzo.

Haki inataka isemwe pia kwamba wazo lenyewe halikuzaliwa Ulaya. Mwaka 850 Khalifa al-Mutawakkil wa ukoo wa Abbasi aliwaamuru dhimmi, yaani Wakristo na Wayahudi waliokuwa chini ya dola ya Kiislamu, wavae vazi la rangi ya asali ili wajulikane. Ulaya ilichofanya ni kulichukua jambo la namna hiyo na kulisukuma kwa karne nyingi, mji kwa mji. Uingereza, mfalme Edward I aliagiza mwaka 1275 kwamba kila Myahudi aliyetimiza miaka 7 avae kitambaa cha njano chenye umbo la mbao mbili za Amri za Musa. Miaka 15 baadaye akawafukuza wote nchini. Ufaransa, Louis IX aliagiza mwaka 1269 duara la kitambaa, moja kifuani na moja mgongoni. Katika Dola Takatifu la Kirumi, kikao cha Augsburg cha mwaka 1530 kiliagiza pete ya njano ishonwe kwenye koti au kofia.

Venice ilianza na duara. Mwaka 1394 serikali iliamua kutorefusha mkataba wa Wayahudi waliokuwa wakikaa mjini na kukopesha fedha. Ulipokwisha mwaka 1397, Myahudi aliruhusiwa kuingia mjini kwa siku 15 tu kwa mkupuo, naye avae duara la njano kifuani. Watu wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya: wakalifunika kwa joho au kwa mkono. Mwaka 1496 serikali ikabadili alama. Badala ya duara ikaamuru kofia ya njano, kwa sababu kofia haifichiki. Mtu anaweza kukunja mkono juu ya kifua chake, lakini hawezi kutembea mjini amekificha kichwa.

Mji uliowahitaji na kuwachukia

Jamhuri isingekuwa na haja ya kugombana na kofia za Wayahudi kama ingeshikilia uamuzi wake wa 1397. Kilichobadilisha mambo ni vita. Mei 1509 jeshi la Venice lilipigwa vibaya huko Agnadello, na wakimbizi wa bara wakamiminika mjini, miongoni mwao Wayahudi wa Mestre na Padua. Hazina ilikuwa imekauka. Wakopeshaji wa Kiyahudi waliweza kutozwa kodi kubwa, na mikopo yao midogo ya rehani iliwafaa maskini ambao hawakuwa na pengine pa kukimbilia, kwa kuwa Kanisa liliwakataza Wakristo kula riba. Serikali ikawaacha wakae.

Wahubiri wakaja juu. Kila Kwaresima mimbari zilivuma kwamba Mungu anauadhibu mji kwa kuwapa hifadhi Wayahudi. Jibu la serikali lilikuwa la kati na kati, na ndilo lililobaki kwenye historia: tarehe 29 Machi 1516 Seneti iliamuru Wayahudi wote wahamie Ghetto Nuovo, kisiwa kidogo katika eneo la Cannaregio karibu na mahali palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba. Walihesabiwa kufikia kama watu 700. Wakristo waliokuwa wakikaa pale waliondolewa, na wenye nyumba wakaruhusiwa kuwatoza wapangaji wapya kodi iliyozidi ile ya awali kwa theluthi moja. Malango yalifunguliwa asubuhi kengele ya Marangona ilipolia kule San Marco, yakafungwa jua lilipozama, na boti mbili zilizunguka kisiwa usiku kucha. Mishahara ya walinzi na ya waendesha boti ililipwa na waliofungiwa. Kiongozi wao, Asher Meshullam, ambaye Wavenice walimwita Anselmo, alikwenda kupinga mbele ya serikali. Hakusikilizwa.

Basi Mantino alifika katika mji wa namna hii. Ghetto ilifunga usiku, kofia ilifunga mchana. Vitu hivi viwili havielezeki kimoja bila kingine. Venice ilitaka Wayahudi watoke asubuhi: wafungue maduka ya rehani, wanunue na kuuza, watibu wagonjwa. Kofia ndiyo iliyowezesha jambo hilo kufanyika bila mji kuhisi kwamba umewapokea. Myahudi aliweza kwenda Rialto, kitovu cha biashara cha mji, na kufanya biashara siku nzima, naye hakuweza hata kwa dakika moja kuonekana kama mtu wa Rialto.

Linalonichoma zaidi katika habari hii nzima ni biashara walizoachiwa. Vyama vya mafundi viliwafungia milango, kwa hiyo Myahudi wa Venice hakuruhusiwa kushona na kuuza nguo mpya. Aliruhusiwa mitumba. Mitaa ya Ghetto ilijaa majoho yaliyovaliwa, mapazia, mazulia na matandiko, na hata serikali ilipopokea wageni wakubwa iliwategemea wafanyabiashara hao kwa vyombo na mapambo ya kupamba nyumba. Mtu ambaye kichwa chake kilichaguliwa rangi na Seneti alishinda akikunja na kukunjua nguo za watu waliovaa walichotaka.

Alichokuwa nacho Mantino

Mantino hakuwa daktari wa kawaida. Alikuwa mfasiri wa maandiko ya tiba na falsafa kutoka Kiebrania kwenda Kilatini, lugha ya vyuo vikuu vya Ulaya. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd, ambaye Ulaya ilimwita Averroes, aliandika sharhe zake juu ya Aristotle kwa Kiarabu huko Andalusia. Wayahudi walizifasiri kwa Kiebrania. Na baadhi yake zilimfikia msomaji wa Kilatini kwa kalamu ya Mantino. Alifasiri pia sehemu ya Kanuni, kitabu cha tiba cha daktari Mwislamu Ibn Sina. Mwanafunzi wa udaktari wa Padua aliyesoma kurasa hizo alikuwa akisoma elimu ya Waislamu iliyobebwa na Wayahudi, katika nchi ambayo mtaguso wake wa mwaka 1215 uliwataja wote wawili pamoja kuwa watu wa kuwekewa alama.

Elimu hiyo ndiyo iliyomfungulia milango ya mabalozi. Balozi akiugua alimtaka daktari bora, na mara nyingi daktari bora alikuwa Myahudi. Sheria yenyewe ilikubali hilo kwa kificho, kwani madaktari wa Kiyahudi waliruhusiwa kutoka Ghetto usiku kwenda kwa wagonjwa wao Wakristo, mradi walinzi waarifiwe wanakwenda wapi. Kwa upande mwingine, Kanisa kwa karne kadhaa lilikuwa likiwakataza Wakristo kutibiwa na Wayahudi. Katazo hilo lilirudiwa mara nyingi, na kurudiwa kwake kunatuambia lilivyokuwa likivunjwa, na wavunjaji wakiwamo mapapa wenyewe. Mantino alikuja kuwa daktari wa Papa Paulo III na kufundisha tiba katika chuo kikuu cha Roma.

Sasa turudi kwenye lile ombi la mabalozi. Walikuwa wakiomba nini hasa? Hawakuomba sheria ifutwe. Hakuna aliyesema kofia ya njano ni dhuluma. Walisema huyu mmoja ni wetu, na haifai mtu wetu avae vile. Daktari anayeingia nyumbani kwa balozi na kofia ya njano alimvunjia heshima balozi mbele ya watumishi na majirani. Kofia iliyokusudiwa kumwaibisha aliyeivaa ilikuwa sasa inawaaibisha waliomhitaji, na hapo ndipo ikawa tatizo la kujadiliwa na Baraza la Watu Kumi.

Ruhusa za namna hii zilitolewa kwa madaktari wengine pia, na kwa wachache waliokuwa na faida kwa dola. Kila moja ilikuwa na jina la mtu, mara nyingi na muda wake wa kwisha, na iliweza kunyang'anywa. Mimi naona hapa ndipo ukatili wa mfumo ulipokamilika. Ruhusa haikulegeza sheria, iliikaza. Iliwafanya watu wenye sauti kubwa zaidi katika jamii watumie nguvu zao kujiokoa mmoja mmoja, na ilimkumbusha kila aliyebaki na kofia yake kwamba yeye hakuna balozi anayemhitaji. Na aliyepewa hakuwa huru. Daktari mwenye kofia nyeusi alijua kwamba akimuudhi mkubwa mmoja, njano inarudi. Miaka ile ile mawakala wa Henry VIII wa Uingereza walikuwa Italia kaskazini wakitafuta maoni ya wasomi wa Kiyahudi juu ya ndoa ya mfalme na Katarina wa Aragon, ambayo mfalme alitaka ibatilishwe, maana hoja ilikuwa kwenye Walawi na Kumbukumbu la Torati, na Mantino akawa miongoni mwa walioulizwa. Fikiria hatari ya kujibu swali hilo, mfalme upande huu na Papa upande ule, ukijua kofia yako imeombewa na wajumbe wa pande zote mbili.

Barabarani, bandarini, mahakamani

Ushahidi mwingine kwamba watawala walijua wanachofanya uko kwenye masharti ya safari. Katika sehemu mbalimbali za Italia na Ujerumani, Myahudi aliyekuwa njiani aliruhusiwa kuficha alama au kuvaa kofia nyeusi, kwa sababu msafiri mwenye alama alikuwa windo la wezi na wahuni. Alama ilirudi alipoingia mjini.

Wafanyabiashara wa Kiyahudi kutoka dola ya Osmania nao walikuwa na hali yao. Venice iliwataka kwa ajili ya biashara ya Mashariki, na mwaka 1541 ikawaongezea eneo la Ghetto Vecchio. Hao walivaa vilemba vya njano. Msafiri Mwingereza Thomas Coryat aliyefika Venice mwaka 1608 aliona Wayahudi wa nchi za Magharibi wakivaa kofia nyekundu na wa Mashariki vilemba vya njano, wakati Waturuki walivaa vyeupe. Kofia ya njano ya 1496 ilikuwa imehamia nyekundu polepole katika karne ile. Coryat aliandika jambo jingine ambalo halikumpendeza kulikuta: kwao Uingereza, nchi ambayo rasmi haikuwa na Wayahudi tangu 1290, kulikuwa na msemo wa kufananisha mtu mwenye sura mbaya au mwenye wazimu na Myahudi. Alipowatazama wanaume wa Ghetto, hasa wale wa Mashariki, aliwaona wazuri na wenye umbo la kupendeza, akakiri kwamba msemo wa kwao ni wa uongo. Bila nyekundu na njano ile, asingejua kwamba aliokuwa akiwasifu ni Wayahudi.

Wanawake hawakuachwa. Katika miji kadhaa ya Italia walilazimishwa kuvaa shela la njano, na kwingine pete za masikioni, ilhali njano hiyo hiyo iliwekwa katika baadhi ya miji kuwa rangi ya makahaba. Mama wa watu aliyekwenda sokoni alitangazwa kuwa kitu kimoja na wale wasioheshimiwa, na kila mpita njia alikuwa na uhuru wa kuichukulia rangi ile alivyotaka.

Kundi lililoteseka kwa kofia kwa namna ya pekee lilikuwa la Wakristo Wapya, wazao wa Wayahudi wa Ureno na Hispania waliolazimishwa kubatizwa. Walipofika Venice wengine walirudi kwenye dini ya mababu zao, na ishara ya kurudi ilikuwa moja: kuingia Ghetto na kuvaa kofia ya njano. Kuivaa kukawa tamko la imani. Lakini kwa Kanisa, aliyebatizwa kisha akarudi nyuma ni mwasi, na mahakama ya kuhukumu wazushi iliweza kumshitaki. Miaka ya 1570 ilimshitaki Enriques Nuñes, aliyejulikana kwa jina la Righetto, kwa kuishi hapa kama Mkristo na kule kama Myahudi. Katika kesi za aina hii mashahidi waliulizwa walimwona na kofia ya rangi gani. Akivaa njano, ni mwasi. Akivaa nyeusi naye ni Myahudi, amevunja sheria ya Jamhuri. Kipande cha nguo kilichoanza kama cha kuzuia watu wasichanganyikane kikawa hati ya mashtaka.

Roma ilifuata njia ya Venice na kuifanya ngumu zaidi. Tarehe 14 Julai 1555 Papa Paulo IV alitoa hati iliyowafungia Wayahudi wa dola yake katika ghetto, ikawaamuru wanaume wavae kofia ya njano na wanawake alama nyingine ya kuonekana, na ikawaachia karibu biashara ya mitumba peke yake. Ghetto ya Roma ilidumu hadi karne ya 19.

Malango kuanguka, orodha kubaki

Mantino aliondoka Venice mwaka 1549 akiwa daktari wa mjumbe wa Jamhuri aliyetumwa Damascus, akafia huko. Sheria ya kofia ilibaki nyuma yake karibu karne mbili na nusu. Kwingine alama zilianza kufutwa baadaye sana: Joseph II aliziondoa katika nchi za Habsburg kuanzia mwaka 1781. Venice ilingoja jeshi la Napoleon. Tarehe 10 Julai 1797 malango ya Ghetto yaling'olewa, na kati ya walioshangilia uwanjani walikuwamo Wakristo na mapadri. Austria ilipouchukua mji miezi michache baadaye, baadhi ya vikwazo vilirudi, malango hayakurudi. Usawa kamili ulikuja mwaka 1866, Venice ilipoungana na Italia.

Utawala wa Wanazi ulipoamuru nyota ya njano nchini Ujerumani mwezi Septemba 1941, kwa kila Myahudi mwenye umri wa zaidi ya miaka 6, tofauti na Venice ya 1528 ilikuwa kubwa. Myahudi wa Venice akibatizwa, aliivua kofia siku hiyo hiyo. Nyota ya 1941 ilifuata damu, na waliobatizwa, hata waliozaliwa na wazazi waliobatizwa, waliivaa.

Italia haikuamriwa nyota. Serikali ya kifashisti ilikuwa imewahesabu Wayahudi wote mwezi Agosti 1938, ikawaandika kwa majina na anwani, na majina hayo yalifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kofia. Wajerumani walipoishika Venice mwezi Septemba 1943, rais wa jumuiya ya Wayahudi wa mji alikuwa Giuseppe Jona, naye alikuwa daktari. Anakumbukwa mpaka leo kwa kukataa kuwapa orodha ya watu wake. Alijiua tarehe 17 Septemba. Majina yalipatikana kwingine. Kati ya Desemba 1943 na Agosti 1944 Wayahudi 246 wa Venice walikamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mauaji, wakiwamo wazee waliotolewa katika nyumba ya wazee iliyoko ndani ya Ghetto.